Kipandikizi cha koklea uzeeni: namna ya kumsaidia mzee aelewe maneno, si kusikia kelele tu

Familia nyingi huanza kwa kuuliza umri: mzee wa miaka 75 au 80 akiwekewa kipandikizi cha koklea (kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji kwenye koklea, yaani sikio la ndani, kupeleka sauti kwa umeme kwenye neva ya kusikia), kweli atafaidika? Atafaidika. Penye utulivu, wazee wengi hufikia kuelewa mazungumzo karibu sawa na watu wazima wenye umri mdogo kuliko wao. Kinachoharibu matokeo zaidi ni miaka ambayo sikio limekaa bila kusikia maneno. Mzee wa miaka 80 aliyepoteza usikivu miaka 3 iliyopita ana matumaini makubwa kuliko mtu wa miaka 60 ambaye sikio lake limekufa ganzi kwa miaka 30. Kwa hiyo kauli ya "uzee ndivyo ulivyo, mwacheni" inamgharimu mzee miaka ambayo hairudi.

Apelekwe kupimwa lini? Wataalamu wengi hutumia kanuni ya 60/60: ikiwa sikio lililo zima zaidi linaanza kusikia kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 au zaidi, na mzee anapata maneno 60 au pungufu katika kila 100, anastahili kuchunguzwa kwa ajili ya kipandikizi. Dalili ya nyumbani ni hii: amevaa shimesikio (kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni) lililorekebishwa vizuri, mmekaa chumba kimya, na bado hakuelewi mpaka akutazame mdomo.

Kabla ya upasuaji, ulizeni nani atakayepanga programu ya kifaa na yuko umbali gani na nyumbani. Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017, hasa kwa watoto. Popote mtakapofanyia, upasuaji ni kazi ya siku moja, ila marekebisho ni ya maisha yote. Mzee aishiye mbali na mtaalamu wa usikivu, asiye na wa kumsafirisha, atabaki na programu ya mwezi wa kwanza. Apate pia chanjo ya nimokoka (aina ya bakteria), ikiwezekana wiki 2 kabla, kwa sababu kipandikizi huongeza hatari ya homa ya uti wa mgongo. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache kwa uamuzi wake; hilo ni la daktari.

Baada ya upasuaji kizunguzungu ni cha kawaida kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Kwa kijana ni usumbufu, lakini kwa mzee ni nyonga kuvunjika. Ondoeni mikeka na mazulia yanayoteleza, acheni taa ya njia ya chooni ikiwaka usiku, na asiinuke kitandani ghafla.

Kifaa huwashwa baada ya wiki 2 hadi 4, na siku hiyo wengi huvunjika moyo. Sauti huwa kama ya roboti, au milio tu isiyo na maneno. Koklea nzima ilikuwa na maelfu ya seli za kusikia. Sasa kazi hiyo inafanywa na elektrodi (ncha ndogo za kupitisha umeme) 12 hadi 22, kutegemea aina ya kifaa. Ubongo unahitaji muda kuzoea lugha hiyo mpya. Maendeleo makubwa huonekana katika miezi 6 ya kwanza na huendelea hadi mwaka. Wazee wengine huchukua muda mrefu zaidi.

Dawa ya kipindi hiki ni saa za kuvaa. Lengeni angalau saa 10 kila siku, tangu anapoamka hadi anapolala, hata akiwa peke yake. Prosesa nyingi (prosesa ni sehemu ya nje ya kifaa, inayovaliwa) huhifadhi rekodi ya saa hizo, na mtaalamu akiifungua anaona ukweli. Mzee anayevaa kanisani au msikitini tu, kisha akaweka kifaa kabatini, hatasonga mbele.

Mazoezi yawe dakika 20 hadi 30 kwa siku. Kama ana shimesikio sikio la pili, alivae siku nzima, maana linampa sauti nzito ambazo kipandikizi hakizitoi vizuri. Alivue wakati wa mazoezi tu. Kaa mita moja kutoka kwake, funika mdomo kwa karatasi, kisha pandisha ngazi hivi:

1. Maneno yanayotofautiana kwa urefu: "mti", "kitabu", "mwanafunzi". Mwonyeshe orodha, uyataje bila mpangilio.
2. Irabu: "pata", "pita", "pete". Kiswahili kina irabu tano zilizo wazi, na wengi hapa hufaulu mapema.
3. Konsonanti zinazokaribiana: "panda" na "banda", "faa" na "vaa", "toa" na "doa". Ngazi hii ni ngumu, msiikimbie.
4. Nyakati ndani ya kitenzi: "anapika", "alipika", "atapika". Silabi moja isiyosikika hugeuza jana kuwa kesho, na ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa hapo.
5. Sentensi bila orodha, kisha habari za redio akifuatisha kwa macho maandishi yaliyochapwa.

Akikosea, rudia neno mara moja mdomo ukiwa umefunikwa, kisha mwonyeshe lilivyoandikwa na urudie tena. Akichoka, simamisheni. Kusikia kwa kipandikizi kunatumia akili nyingi, na uzeeni akiba hiyo huisha haraka.

Kuna jambo la Kiswahili chetu linalosahaulika. Swali la ndiyo au hapana mara nyingi linatambulika kwa kupanda kwa sauti peke yake: "Mama amekula." na "Mama amekula?" Kipandikizi hakibebi vizuri kupanda na kushuka kwa sauti. Anzeni na "je", na mzee ataacha kuonekana kama anapuuza maswali.

Penye kelele ndipo umri unapojionyesha kweli. Neva ya kusikia ina nyuzi chache kuliko zamani, na ubongo unachambua sauti zinazofuatana haraka kwa taabu. Kupiga kelele hakusaidii. Prosesa huibana sauti kubwa na maneno huvurugika. Sema kwa sauti ya kawaida, weka kituo kati ya kifungu na kifungu, wala usivute silabi. Zima redio na feni yenye mlio. Kwenye sherehe mkalishe mgongo ukielekea ukuta, mbali na spika, na mtu mmoja azungumze kwa wakati. Kwa simu, video ni bora kuliko sauti tupu, kwani atauona mdomo.

Mikono na ngozi navyo vina mambo yao. Betri namba 675 ikibanduliwa stika iachwe dakika chache ipate hewa kabla ya kufungiwa, la sivyo huisha mapema. Vidole vikiwa vinatetemeka, ombeni betri za kuchaji. Mwambao, kama Tanga au Mombasa, jasho na unyevu huua maikrofoni: kila usiku kifaa kilale kwenye kopo la kukaushia lenye vidonge vya silika. Ngozi ya mzee ni nyembamba, hivyo kila jioni angalieni pale inapokaa sumaku inayoshikilia sehemu ya nje kichwani. Pakiwa pekundu au panauma, sumaku ina nguvu kupita kiasi, ibadilishwe. Msivumilie mpaka kidonda.

Sauti ikikatika ghafla, badili betri, kisha angalia programu na kiasi cha sauti, kisha jaribu waya na koili (kipande cha duara kinachoshikwa na sumaku kichwani) ya akiba. Isiporudi, mpigie mtaalamu siku hiyo hiyo. Uso ukicheza kila sauti kubwa inapoingia, neva ya uso inaguswa na umeme. Hilo mara nyingi hurekebishwa kwenye programu.

Uelewa ukishuka taratibu baada ya mwaka mmoja au miwili mizuri, msiseme uzee kabla ya kukagua elektrodi, programu, vifuniko vya maikrofoni vilivyoziba, nta katika sikio la pili, na macho, kwa sababu mtoto wa jicho humnyima kusoma midomo. Vyote vikiwa sawa, apimwe kumbukumbu. Na kabla ya kipimo chochote cha MRI (picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu), aonyeshe kadi ya kipandikizi chake: sumaku ya ndani inaweza kusogea ikiwa mashine haikuandaliwa kwa ajili yake.