Jinsi ya kujiandaa na usaili wa Daktari Daraja la II serikalini

Usaili huu nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kwenye mchujo, na wala sikuwa mvivu: miezi miwili nilikesha na vitabu vinene, nikikariri magonjwa adimu ambayo hata hospitali ya kanda huyaona kwa nadra. Siku ya mtihani nikaulizwa habari za mtoto anayeharisha. Kipimo cha maji ya dripu kikanipotea.

Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayoajiri watumishi wa umma Tanzania, inatafuta daktari atakayepangwa hospitali ya halmashauri, usiku, akiwa na muuguzi mmoja na mgonjwa aliyeletwa kwa bodaboda. Jiandae kuwa huyo.

Hatua ya 1: Nyaraka kwanza

Fungua akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, ukiwa bado mtarajali (daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo baada ya shahada), usingoje tangazo. Andaa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, shahada, cheti cha kumaliza utarajali, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni iliyo hai. Hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Uliyesoma chuo cha nje, pata ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema.

Kisha tandaza vyeti vyote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Changu cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, vya shule matatu. Niligundua wiki moja kabla ya usaili, nikaanza kumkimbilia wakili wa hati ya kiapo wakati wenzangu wanasoma.

Hatua ya 2: Tangazo ndilo mtaala wako

Wengi hulisoma mpaka kwenye mshahara na tarehe ya mwisho. Shuka kwenye majukumu. Utakuta matibabu na upasuaji wa kawaida na wa dharura, lakini pia kupanga na kutathmini huduma, kufundisha watumishi, kukusanya takwimu. Kila jukumu liandikie maswali matatu ambayo wewe ungemuuliza mwombaji. Hapo ndipo nilipoona kuwa sikuwa nimegusa kabisa rejesta za MTUHA, mfumo wa kukusanya takwimu za huduma za afya.

Hatua ya 3: Shika mwongozo wa matibabu wa taifa

Hapa ndipo uweke muda wako mwingi. Chukua daftari dogo, kila dharura ukurasa mmoja, vipimo vya dawa kwa tarakimu. Langu lilianza hivi:

Malaria kali: sindano ya atesunati, miligramu 2.4 kwa kilo, saa 0, 12 na 24. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo.

Mtoto aliyeishiwa maji sana: mililita 100 kwa kilo kwa dripu. Wa chini ya mwaka, 30 kwa saa ya kwanza, 70 kwa saa 5 zinazofuata. Wa mwaka na kuendelea, 30 kwa nusu saa, 70 kwa saa mbili na nusu.

Kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti, na kando yake kalsiamu glukoneti iwe tayari kama pumzi ya mama itapungua.

Endelea na kifua kikuu, VVU, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, ajali, kisukari, shinikizo la damu. Usisome tu, funika ukurasa, andika upya, linganisha.

Hatua ya 4: Jibu kwa sauti

Tafuta wenzako wawili, simu moja ihesabu dakika tano. Mmoja anasema: "Mama amejifungua sasa hivi, damu haikatiki. Unafanya nini?"

Nilipojaribu mara ya kwanza nilitaja visababishi vinne kwa ufasaha: mfuko wa uzazi kulegea, mchaniko, kondo kubaki, damu kutoganda. Mwenzangu akaniambia, "Daktari, mama huyo ameshakufa." Alisema kweli. Anza na mikono: ita msaada, sugua mfuko wa uzazi, oksitosini uniti 10, weka dripu mbili, toa mkojo, kagua kondo na michaniko, asidi ya traneksamiki gramu 1 ndani ya saa 3 tangu kujifungua, omba damu. Visababishi uvitafute huku mikono ikifanya kazi.

Jopo la mahojiano linasikia haraka nani amewahi kusimama pale na nani amesoma tu.

Hatua ya 5: Utumishi wa umma

Siku tatu zinatosha. Soma maadili ya mtumishi, Kanuni za Utumishi wa Umma za 2022, ngazi za huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya taifa, nani yuko TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na nani Wizara ya Afya, pamoja na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo weka akiba tangu posho za utarajali. Fika mjini siku moja kabla, ukatembee hadi kituo cha usaili uone geti lenyewe. Namba yako ya usaili iandike kwenye karatasi, simu huzima. Vyeti halisi na kitambulisho viwe kwenye bahasha moja, na bahasha hiyo ilale chini ya mto wako.