Jinsi ya kutoa maoni na alama kwa filamu uliyotoka kuitazama

Alama ikisimama peke yake haimsaidii mtu. "Saba kwa kumi" ya mmoja ni sifa, ya mwingine ni lawama iliyofunikwa kwa adabu, na anayesoma hana njia ya kujua yuko na yupi. Kinachosaidia ni sentensi tatu au nne zinazoonyesha umeona nini, kisha alama inayotokana nazo. Utaratibu ni huo: maneno kwanza, namba baadaye. Anayeanza na namba huishia kutafuta maneno ya kuitetea.

Weka mizani kabla ya filamu

Chagua mizani moja na ukae nayo. Nyota tano zenye nusu zinatoa ngazi kumi, nazo zinatosha kabisa. Mizani ya mia haifai kwa maoni ya kawaida, maana hakuna awezaye kueleza kwa nini filamu ni 73 wala si 74.

Halafu andika maana ya kila ngazi, na uiandike kwa kitendo. "Nzuri sana" haipimiki. Hii inapimika: nyota 5, ningeitazama tena wiki hii hii, 4, namshauri yeyote aitazame bila kumuuliza anapenda nini, 3, namshauri anayependa aina hiyo ya filamu, 2, kuna jambo moja zuri lakini halitoshi kumpotezea mtu saa mbili, 1, nilimaliza kwa kujilazimisha. Nusu itumike pale tu ambapo unaweza kutaja kilichoipandisha au kuishusha filamu kutoka kwenye ngazi yake.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Kila ngazi ipe filamu moja ya mfano, uliyoitazama zaidi ya mara moja na ambayo maoni yako juu yake hayayumbi. Filamu tano tu, ziandike mahali. Ukimaliza filamu mpya usijiulize "ni ngapi?" Jiulize: "Hii na ile ya nyota tatu, ipi ningependa kuiona tena?" Kulinganisha vitu viwili ni rahisi kuliko kukisia namba hewani, na ndiko kunakozuia alama zako kupanda siku ukiwa na furaha na kushuka siku ukiwa umechoka.

Ukishafikisha filamu ishirini au thelathini, zitazame alama zako kwa pamoja. Si lazima wastani uangukie katikati: mtu huchagua anachotazama, hivyo ni kawaida alama zake kuelemea juu kidogo. Lakini zikirundikana zote kwenye tatu na nusu na nne, mizani imekufa. Dawa yake si kuwa mkali kwa makusudi. Rudi kwenye filamu zako za mfano uone kama ile ya nyota mbili kweli ni dhaifu. Mara nyingi utakuta ni filamu unayoipenda kidogo, na ndiyo inayosukuma nyingine zote juu.

Hakikisha unaihukumu filamu, si televisheni

Malalamiko mengi juu ya picha na sauti hayamhusu aliyetengeneza filamu. Filamu nyingi huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24 tuli zinazofuatana, kwa sekunde. Televisheni nyingi za kisasa huwa na mfumo wa kulainisha mwendo ambao hubuni fremu za ziada katikati ya zile halisi, na picha ikawa laini kupita kiasi, kama kipindi kilichorekodiwa studio. Ukiona filamu ya gharama kubwa inaonekana rahisi rahisi, anzia hapo: ingia kwenye mipangilio ya picha, zima ulainishaji, au chagua hali ya picha iliyoandikwa sinema.

Mistari myeusi juu na chini nayo si kasoro. Filamu ya uwiano wa 2.39:1 (upana kwa kimo) haiwezi kujaza kioo cha 16:9, ambacho ni cha televisheni nyingi, bila kukatwa. Ukiikuza ijae, unapoteza kingo za kushoto na kulia, na pengine mhusika anayesikiliza ndiye aliyebaki nje ya kioo. Kisha unaandika kwamba picha zimepangwa vibaya.

Sauti inahitaji uangalifu zaidi. Katika mchanganyiko wa 5.1, yaani sauti iliyogawanywa kwa spika tano na moja ya besi, mazungumzo hukaa hasa kwenye spika ya katikati. Sauti hiyo ikibanwa itoke kwenye spika mbili ndogo, maneno huzama chini ya muziki na milipuko. Jaribu kubadilisha utoaji wa sauti uwe stereo, au vaa hedifoni kwa dakika tano, kabla ya kuandika kuwa waigizaji wananong'ona. Yakisikika vizuri kwenye hedifoni, futa lawama hiyo.

Taja pia toleo uliloliona, kwa sababu tofauti inaweza kuwa kubwa. *Blade Runner* ya mwaka 1982 ilitoka na sauti ya msimulizi. Toleo la mwisho la mwaka 2007 halina. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya usimulizi huo, kumbe mmoja hakuwahi kuusikia. Ikiwa filamu imeingizwa sauti za lugha nyingine, sema hivyo, na uhukumu uso na mwili wa mwigizaji, maana sauti si yake. Maandishi ya tafsiri nayo hufupisha sana, hivyo ukisema mazungumzo ni makavu, huenda ni mtafsiri aliyekosa nafasi ya kuweka utamu wake.

Dakika kumi za mwanzo baada ya filamu kuisha

Andika mambo matatu, kwa maneno ya mkato, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. La kwanza: tukio gani bado unaliona ukifumba macho? La pili: akili yako ilitoka wapi? Kama ulishika simu, kumbuka ilikuwa dakika ya ngapi na nini kilikuwa kikiendelea. La tatu: ulitoka na hisia gani?

Hilo la tatu lina mtego. Utafiti wa mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake ulionyesha kwamba kumbukumbu ya tukio hutawaliwa na kilele chake na mwisho wake, huku urefu wa tukio ukihesabika kidogo. Kwa filamu maana yake ni hii: dakika kumi nzuri za mwisho husafisha saa nzima ya kuchosha, na mwisho mbovu huzika filamu iliyokuwa ikienda vizuri. Jilinde kwa swali moja la lazima: katikati kulikuwa na nini? Ikiwa filamu ya saa mbili imeisha na huwezi kutaja hata tukio moja la kati ya dakika ya 50 na ya 80, liandike. Ni ushahidi wenye nguvu kuliko msisimko wa mwisho.

Namba iache hadi kesho yake. Usiku mmoja unatosha. Ukingoja wiki, maelezo yanafutika na unabaki na hisia tupu.

Kuandika maoni yenyewe

Maneno 60 hadi 100 yanatosha. Tazama maoni ya aina inayoonekana kila mahali:

"Muvi kali sana, waigizaji wameua, stori imekaa poa ila mwisho umeniboa. 7/10."

Shauku ipo, lakini sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye filamu yoyote. Sasa tuchukue filamu ya kubuni na tuandike upya:

"Nahodha wa kivuko anaondoka na abiria 42, anafika ng'ambo na 41, na hakuna anayekiri kumkosa mwenzake. Nusu saa ya kwanza inakubana: kamera haitoki ndani ya kivuko, na kila anayehojiwa hujibu huku mikono yake ikifanya jambo jingine. Wakifika nchi kavu uzi unalegea, kwa sababu mpelelezi anaanza kutueleza kwa mdomo mambo tuliyokwisha kuyaona. Mwisho unajibu swali ambalo nilishaacha kuliuliza. Itamfaa anayependa fumbo linalokwenda polepole. Nyota tatu."

Sentensi ya kwanza inatoa hali ya hadithi na kunyamaza hapo. Inayobeba mzigo ni ile ya mikono: ni jambo dogo lililoonwa kwa macho, na msomaji anaamini kwamba uliitazama filamu kwa makini. Kila maoni yanahitaji jambo moja la namna hiyo. Lawama nayo ina sababu. Haikusemwa tu kwamba filamu inapooza, imesemwa inapoozea wapi na kwa nini. Na nyota tatu zinaendana na sentensi iliyotangulia, ile ya nani itamfaa.

Epuka kugawa lawama kwa watu usiojua walifanya nini. Mazungumzo yasiyo na uhai huenda ni ya mwandishi wa skripti, huenda mwigizaji alijitungia papo hapo. Tukio refu kupita kiasi huenda mwongozaji alilitaka hivyo, huenda mhariri hakuwa na picha nyingine za kukatia. Ukiwa huna hakika, taja kilichoonekana: "tukio la chakula linaendelea baada ya kila mtu kusema lake." Hapo huwezi kukosea.

Maswali ya kujiuliza hubadilika kulingana na aina ya filamu. Kwenye mapigano, uliza kama muda wote ulijua nani amesimama wapi. Picha zikikatwa haraka hadi ukapotea, kasi hiyo inaficha udhaifu. Kwenye filamu ya kutisha, tenganisha hofu na kushtuliwa: mlio wa ghafla humshtua kila mtu, lakini hofu hujengwa kabla ya mlio. Vichekesho ni rahisi zaidi, ulicheka au hukucheka, ingawa inafaa kusema kama kicheko kilitokana na tabia ya mhusika au na maneno ambayo mhusika yeyote angeyasema. Kwenye mapenzi, uliza kwa nini hawa wawili na si wengine. Filamu ya makala inadai jambo moja zaidi: nani hakupewa nafasi ya kusema? Kukubaliana na ujumbe wake si sababu ya kuipa nyota tano.

Usimwage mtama

Kwa filamu ya saa mbili, kanuni salama ni kutotaja chochote kinachotokea baada ya nusu saa ya kwanza. Trela isikudanganye, trela nyingi hutoboa zaidi ya hapo, na wapo watazamaji wanaozikwepa kwa makusudi. Kuna pia siri zinazotoka bila kukusudia. Kuandika "subiri uone mwisho utakavyokupindua" tayari kumemfanya msomaji atafute mpinduko tangu dakika ya kwanza, na akiupata mapema umemnyima raha. Kumsifu mwigizaji ambaye jina lake halikutangazwa ni siri iliyotoka. Kusema "anayecheza ndugu wa steringi anatia huruma hadi mwisho" ni kutangaza kwamba ndugu hafi.

Ikiwa huwezi kueleza udhaifu bila kugusa mwisho, maliza maoni yako kwanza, alama ikiwamo, kisha weka onyo kwenye mstari wake peke yake, ruka mistari kadhaa, ndipo uendelee.

Namba za wengine

Zisome baada ya kuandika zako, na uzisome zinavyohesabiwa. Asilimia ya wahakiki kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si alama ya ubora: ni sehemu ya wahakiki waliotoa maoni chanya, na 60 ndiyo mpaka wa kuhesabiwa kuwa filamu imepokelewa vyema. Filamu yenye 95 huenda karibu wote wameiona ya wastani mzuri tu, bila hata mmoja kuipenda sana. Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, hubadilisha alama za wahakiki ziwe kwenye mizani ya mia na kutoa wastani, huku baadhi ya wahakiki wakipewa uzito zaidi. CinemaScore, kampuni inayoipa filamu herufi kama za shuleni, huwauliza watazamaji wa siku ya uzinduzi, hivyo herufi yake hutoka kwa watu ambao tayari walikuwa na hamu ya filamu hiyo.

Wastani wa kikundi cha marafiki una shida hiyo hiyo. Nyota 5 na nyota 1 zinatoa 3, sawasawa na 3 na 3, wakati filamu ya kwanza inazua ubishi na ya pili haimgusi mtu. Mkipeana alama kwa pamoja, andikeni ya juu kabisa na ya chini kabisa kando ya wastani, na kila mmoja aandike yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Anayesema kwanza kwa sauti ya kujiamini huvuta wote.

Ulizoacha njiani na ulizorudia

Filamu ambayo hukuimaliza usiipe nyota. Andika "niliacha dakika ya 40" na sababu. Hilo peke yake ni taarifa nzuri. Vivyo hivyo kwa iliyotazamwa kwa kasi ya 1.5: ukimya wa waigizaji na mwendo wa mhariri ndivyo ulivyoviondoa, kwa hiyo huna haki ya kuhukumu kasi yake. Ukiitazama filamu tena na maoni yakabadilika, usifute alama ya zamani. Iache na tarehe yake, weka mpya chini yake, na sema nini kimebadilika: umeijua hadithi, umeiona kwenye kioo kikubwa, au mara ya kwanza ulitarajia filamu ya aina nyingine.