Kumbana mpinzani kwenye briji: somo la hatua kwa hatua

Unatakiwa kula mizunguko 12 (katika kila mzunguko kila mchezaji hutoa karata moja), una 11 ya uhakika. Wachezaji wengi hapo hukata tamaa na kukubali kuanguka, yaani kushindwa kutimiza ahadi. Msikubali mapema hivyo. Mzunguko wa 12 mara nyingi kuna adui anayeushika, na anaweza kulazimishwa kuuachia mwenyewe: huko ndiko kumbana.

Mkataba ni 6 bila turufu, yaani umeahidi kula mizunguko 12 kati ya 13 na hakuna rangi ya turufu. Wewe ni Kusini: shupaza 4 peke yake, kopa mbili ndogo, uru nne ndogo, na pau ree, kingi, kwini, jeki, 10 na 6. Mezani, yaani kwa mwenzako Kaskazini ambaye karata zake ziko wazi na unazicheza wewe, kuna shupaza ree, jeki, 7, 5, 3. Kopa ree, kingi, 9, 2. Uru ree, kingi na ndogo moja. Pau ndogo moja. Magharibi anafungua na kwini ya uru.

Hatua ya 1. Hesabu. Pau 6, uru 2, kopa 2, shupaza 1. Jumla 11.

Hatua ya 2. Mwachie hiyo kwini. Hapa ndipo wanafunzi wangu hunibishia: kwa nini nitoe mzunguko wakati ree ninayo? Kwa sababu mbano hukaza pale ambapo mizunguko iliyobaki yote ni yako isipokuwa mmoja. Usipoupoteza sasa, mwishoni Magharibi atakuwa na karata moja isiyo na kazi. Ataitupa hiyo na wewe umekwama.

Hatua ya 3. Magharibi anarudia uru. Kula ree na kingi za uru, kisha ree na kingi za kopa. Ree ya shupaza usiiguse, ndiyo mlango wako wa kurudi mezani. Vuka kwa pau, kula tano mfululizo, na mezani utupe shupaza 7, 5, 3 na kopa 2.

Hatua ya 4. Zimebaki karata tatu tatu. Mezani: ree na jeki za shupaza, kopa 9. Mkononi: shupaza 4, uru moja, pau 6. Magharibi ameshikilia kingi na kwini za shupaza pamoja na kwini ya kopa.

Cheza pau 6, kisha mtazame. Akitupa shupaza, wewe tupa kopa 9 mezani; ree inaangusha iliyobaki na jeki inakula. Akitupa kwini ya kopa, tupa jeki ya shupaza. Ree, halafu 9. Ile pau 6 ndogo ndiyo iliyombana.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nitajuaje kama alichotupa ndicho kinachoifanya kopa 9 iwe nzima?
Hesabu kopa tatu tu: 10, jeki na kwini. Zikitoka zote, 9 yako ni nzima, ibakize. Hata moja ikiwa haijaonekana, tupa 9 na utegemee shupaza.

Kama karata hizo zote anazo Mashariki?
Mbano huu haumpati. Meza hutupa kabla yake, naye anasubiri aone umebakiza nini. Ungekuwa na ile kopa 9 mkononi mwako badala ya mezani, meza ingekuwa na karata ya bure ya kutupa, na hapo hata Mashariki angebanwa.

Shikamoo mwalimu. Na Magharibi akirudi na kingi ya shupaza badala ya uru? Mlango si umefungwa?
Marahaba. Swali zuri sana. Huo wa shupaza umefungwa, lakini una mwingine. Kula kwa ree, kula uru mbili, na safari hii kopa usiziguse. Baada ya pau tano, mezani bakiza jeki ya shupaza na kopa ree, kingi, 9. Mkononi una kopa mbili, uru moja na pau 6. Magharibi ana kwini ya shupaza na kopa kwini, jeki, 10. Cheza pau 6. Akitupa kwini ya shupaza, tupa kopa 9: jeki ni yako. Akitupa kopa, tupa jeki: kopa tatu zote zinakula.