Somo: neno "bill", kutoka LUKU hadi bungeni

Wadau, leo ni zamu ya bill. Kwenye umeme na maji halitusumbui. Likitokea gazetini, ndipo tunapobabaika.

Hatua ya 1: anza na hela. Bill ni karatasi ya kudai. Unasema *pay the bill*, si *pay for the bill*. Hiyo *for* inakwenda na kitu ulichonunua: *pay for the food*. Ukishalipa unapewa *receipt*, msivichanganye. Mwingereza akimaliza kula hotelini anaomba *bill*, Mmarekani anaomba *check*. Halafu huyo huyo Mmarekani *a ten-dollar bill* kwake ni noti ya dola 10! Sisi tulimfuata Mwingereza, anayesema *note*.

Hatua ya 2: angalia kitenzi kilicho jirani. Ukiona *pay*, *settle* au *split*, hapo ni hela. Ukiona *table*, *pass* au *sign*, huo ni muswada. Hapa tukae kidogo, maana hata watangazaji wanateleza. *Bill* ni muswada, *Act* ni sheria iliyokwisha kusainiwa. Chukua Kenya: tarehe 25 Juni 2024 wabunge waliupitisha *Finance Bill 2024* huku vijana wakiwa barabarani, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Basi ukiandika kuwa Kenya ina *Finance Act 2024*, umetunga sheria peke yako.

Hatua ya 3: ndege. *The duck's bill* ni mdomo wa bata. Kwa tai na kozi utasikia zaidi *beak*. Bill hii haina undugu na ile ya karatasi, ni kama paa la nyumba na paa wa porini. Ya karatasi imetokana na neno la Kilatini la muhuri, *bulla*. Ya ndege ni ya Kiingereza cha kale.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Ukutani wameandika "Post no bills". Tusilipe?*

Marahaba. Lipeni tu! Hapo bills ni mabango: usibandike matangazo.

*Na bill of lading ya bandarini ni ankara?*

Hapana. Ankara ya muuzaji ni *invoice*. Hii, ambayo mawakala wa forodha wanaiita B/L, inatolewa na wenye meli. Kwanza ni stakabadhi kwamba wamepokea mzigo, pili ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, inaweza kuwa hati ya umiliki: anayeishika ile halisi ndiye anayedai mzigo. Usiiache ovyo kwenye daladala.

*Bosi kaniandikia "you fit the bill". Ananidai?*

Hakudai, amekusifu: unafaa kabisa kwa kazi hiyo. Angeandika *you will foot the bill*, hapo ungeshika mfuko, gharama zote zingekuwa zako.