Namna ya Kuchambua Kazi za Mwongozaji wa Filamu Baada ya Mafanikio

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ni rahisi kumtupia methali hiyo mwongozaji wa filamu ambaye kazi zake zimepwaya baada ya kupata fedha na umaarufu. Lakini mgema anajua fika kwamba ametia maji, ilhali mwongozaji mara nyingi huamini kwa dhati kwamba filamu yake ya karibuni ndiyo bora kuliko zote. Kwa hiyo, unapotaka kuchambua kazi zake kwa haki, usikimbilie kumshutumu kwa uvivu au tamaa. Chunguza ni vizuizi gani vilivyomzunguka zamani na ambavyo sasa havipo.

Chagua filamu zake mbili za aina moja, ya mwanzoni na ya baadaye, na kabla ya kuzitazama soma orodha ya walioshiriki nyuma ya kamera. Filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, iligharimu takriban dola milioni 11 zilizotolewa na studio. Uhariri wa awali haukumridhisha mwongozaji wake, George Lucas, akamwondoa mhariri, na kazi ikafanywa upya na Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew, ambao walipata tuzo ya Oscar. Filamu iliyofuata, ya mwaka 1980, iliongozwa na Irvin Kershner, huku Lawrence Kasdan akiwa miongoni mwa waandishi wa mswada. Ilipofika mwaka 1999, Lucas alirudi kuongoza filamu nyingine ya Star Wars, The Phantom Menace, akiwa na mswada aliouandika mwenyewe na fedha za kampuni yake mwenyewe. Mimi naona mazungumzo ya filamu hiyo ni makavu mno, na ni vigumu kuona nani angekuwa na mamlaka ya kumwambia ayaandike upya.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kuhitaji subira zaidi. Tazama filamu ukiwa na saa mkononi, uandike kitu cha kutisha au cha ajabu kinaonyeshwa lini na kwa muda gani. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara ndani ya maji ya bahari, na mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kuonyesha mapipa ya manjano yakikokotwa juu ya maji, kamera ikiwa usawa wa mawimbi, muziki ukifanya kazi ambayo mashine ilishindwa kuifanya. Mtazamaji anaona pipa, na akili yake inamchora mnyama aliye chini. Usihitimishe, hata hivyo, kwamba picha za kutengenezwa kwa kompyuta zingeharibu kila kitu. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993, dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu katika filamu ya saa mbili, na kuwasili kwa yule mkubwa kunatangazwa na maji yanayotetemeka ndani ya kikombe, mtetemo uliopatikana kwa kucharaza uzi wa gitaa uliofungwa chini ya dashibodi ya gari. Spielberg alikuwa na kompyuta, lakini alikuwa bado anajua kusubirisha.

Kisha yaangalie macho ya waigizaji. Peter Jackson alipotengeneza The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 2001 na 2003, mara nyingi aliwapanga waigizaji kwa umbali tofauti na kamera ili mmoja aonekane mrefu na mwingine mfupi, nao wakaigiza pamoja. The Hobbit, ya 2012 hadi 2014, ilipigwa kwa kamera za 3D, ambazo huufichua ujanja huo, hivyo mwigizaji Ian McKellen akaigiza baadhi ya matukio akiwa peke yake mbele ya skrini ya kijani, ambayo baadaye kompyuta huijaza picha nyingine. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alilia. Ukikuta tukio ambalo wahusika wanasemezana lakini hakuna anayemjibu mwenzake kwa uso, lisimamishe na ulitazame tena bila sauti.

Katika kutoa hukumu, tenganisha sababu. Kwa The Hobbit, Jackson alichukua nafasi ya mwongozaji Guillermo del Toro, aliyejiondoa mwaka 2010, na hakuwa na muda wa kutosha wa maandalizi. Kitabu kimoja kifupi nacho kikavutwa hadi kuwa filamu tatu. Mafanikio ya awali yaliwafanya wenye fedha watake zaidi, na kulaumu skrini ya kijani peke yake ni kumwonea fundi.

Usiandike neno la mwisho kabla ya kutazama mfano unaopingana na hoja yako. Ninaoupendekeza ni Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, ambayo George Miller aliiongoza akiukaribia umri wa miaka 70. Kompyuta imetumika kwa wingi, lakini magari ni ya kweli na yanakimbia kweli katika jangwa la Namibia. Mhariri alikuwa Margaret Sixel, mke wake, ambaye hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapigano, na akapata Oscar. Mlinganishe na wahariri wa filamu uliyoichagua, na uliza kama nao walikuwa na nguvu ya kukata tukio ambalo mwongozaji alilipenda.