Namna ya kupanga ununuzi wa bunduki bila kuwakorofisha wenye nazo

Serikali inapopiga marufuku aina fulani za bunduki na kuahidi kuwalipa wenye nazo, malalamiko huja kwa mafungu mawili. La kwanza ni la msimamo: nilinunua kihalali, nina leseni, kosa langu nini? Hilo halina dawa ya kiutawala. Litajibiwa bungeni, mahakamani na kwenye sanduku la kura. La pili ni la utaratibu: bei haieleweki, fomu haifunguki, pesa hazifiki, jina limevuja. Mwongozo huu unahusu fungu la pili, maana ndilo linaloamua kama mtu aliyekubali shingo upande ataileta bunduki au ataifukia shambani. Mifano inatoka New Zealand ya mwaka 2019, ambako kazi ilifanyika kwa miezi sita, na Kanada, ambako marufuku ya mwaka 2020 ilikuwa bado inatafutiwa utekelezaji miaka mitano baadaye. Australia ya 1996 inaingia pale inapofaa.

Orodha kwanza, hotuba baadaye

Swali la kwanza la mmiliki ni moja: yangu imo au haimo? Mjibu kwa jina la mtengenezaji, modeli, kipenyo cha mtutu na picha, si kwa maelezo ya jumla. New Zealand ilipiga marufuku karibu bunduki zote za nusu-otomatiki, lakini ikaziacha zile ndogo za .22 zinazobeba risasi zisizozidi 10, na shotgun zenye magazini ya bomba isiyochomoka inayobeba zisizozidi 5. Kwa karatasi inaonekana rahisi. Mezani si rahisi hata kidogo, kwa sababu bomba lilelile linalomeza fataki (risasi za shotgun) 5 za inchi 3 huweza kumeza 6 zilizo fupi, za inchi 2¾. Usiposema kipimo kinachukuliwa kwa fataki ya urefu gani, mtu mmoja ataambiwa ni halali Jumatatu na mwingine ataambiwa ni haramu Alhamisi, kwa bunduki ya aina moja. Andika kipimo kwenye orodha yenyewe, na waelekeze watu wahesabu nyumbani kwa risasi bandia za mazoezi, kamwe si risasi hai.

Orodha ikishatoka, ifunge. Kanada ilianza na modeli kama 1,500 tarehe 1 Mei 2020, ikaongeza 324 Desemba 2024, kisha 179 Machi 2025. Aliyetii mara ya kwanza akaenda dukani kununua bunduki iliyoruhusiwa, angeweza kuikuta mbadala yake nayo imepigwa marufuku. Mtu huyo hatarudi kukuamini. Kama kuna kundi la bunduki ambalo bado linabishaniwa, afadhali useme waziwazi kwamba uamuzi wake utatoka tarehe fulani kuliko kunyamaza.

Usitangaze marufuku bila bei

New Zealand ilikwenda mbio. Shambulio la misikiti miwili ya Christchurch lililoua watu 51 lilitokea tarehe 15 Machi. Tarehe 21 amri ya serikali ikazuia mauzo. Tarehe 10 Aprili bunge likapitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya 1. Kasi hiyo ilizuia watu kukimbilia madukani, na hapo walifanya vizuri. Lakini jedwali la bei lilitoka tarehe 20 Juni. Kwa zaidi ya miezi miwili mmiliki alikuwa na mali haramu sandukuni asiyojua thamani yake, na muda kama huo uvumi huutumia vizuri kuliko serikali. Kama huwezi kuwa na bei siku ya marufuku, toa siku hiyohiyo kanuni utakayoitumia kuikokotoa.

Kanuni yao ilikuwa hii: kila modeli ina bei ya msingi, kisha mmiliki analipwa asilimia 95 kama bunduki ni mpya au karibu na mpya, 70 kama imetumika, 25 kama ni mbovu. Chukua bunduki ya bei ya msingi dola 2,000 za New Zealand: daraja la kwanza ni 1,900, la pili 1,400, la tatu 500. Tazama kuruka kwa dola 900 kati ya "imetumika" na "mbovu". Ugomvi wote wa mezani unakaa pale na kwenye ile tofauti ya juu ya dola 500. Ama ongeza daraja la kati, ama andika vigezo ambavyo mtu anaweza kuvikagua mwenyewe kabla hajatoka nyumbani: mifereji ya ndani ya mtutu inaonekana au imeliwa na kutu, mtambo unafunga na kufyatua, kitako kina ufa au hakina, kuna kipande kilichopotea. Mkwaruzo wa nje usishushe daraja peke yake. Wakaguzi wapimwe kabla ya kazi kuanza: wape bunduki 20 zilezile, kila mmoja ajaze fomu yake peke yake, kisha linganisheni. Wakitofautiana kwenye zaidi ya mbili au tatu, vigezo vyako havijakaa sawa; usiwalaumu wakaguzi.

Bunduki zilizofanyiwa kazi na mafundi ni sura yake. Mtutu uliobadilishwa au kifyatulio kilichoagizwa nje vinaweza kuzidi bei ya bunduki yenyewe. Weka njia ya pembeni kwa vitu adimu, yenye mthamini huru, na ukubali risiti na picha kama ushahidi. Ada ya uthamini, kama ipo, irudishwe pale mmiliki anapothibitika kuwa na haki.

Halafu kuna vitu vinavyoizunguka bunduki. Magazini na vipuri vilivyopigwa marufuku vinahitaji bei zake. Risasi je? New Zealand haikulipia risasi za kijeshi ilizozipiga marufuku, kama zile za kutoboa chuma. Baraza la wamiliki wenye leseni, COLFO, likaenda Mahakama Kuu na kushindwa mwaka 2020. Serikali ilishinda kesi, lakini ilibeba lawama ya miezi. Kama hutalipia kitu, kitaje ukurasa wa kwanza wa tangazo. Darubini ambazo bado ni halali mwambie mtu azifungue nyumbani abaki nazo. Usingoje agundue baada ya mashine ya kuponda bunduki kupita.

Na si kila bunduki lazima ife. New Zealand ilichangia hadi dola 300 kwa fundi bunduki aliyeidhinishwa kuibadilisha bunduki iwe halali, kwa njia isiyoweza kurudishwa nyuma. Njia hii huwapoza wawindaji na wakulima kuliko maelezo yoyote, ila hesabu kwanza mafundi ulionao. Fundi mmoja kwa wilaya nzima ni foleni ya miezi, na mwisho wa msamaha, yaani muda wa kukabidhi bila kushtakiwa, hautamngoja.

Siku ya kukabidhi

New Zealand iliendesha vituo zaidi ya 600 vya muda, cha kwanza kikiwa uwanja wa mbio za farasi wa Riccarton, Christchurch, tarehe 13 Julai 2019. Chagua mahali penye maegesho makubwa, mlango wa kuingilia mbali na wa kutokea, na pasipotazamana na barabara kuu. Hakuna anayetaka kupigwa picha akibeba bunduki mbele ya majirani. Ujumbe wa miadi useme: bunduki haina risasi, imefungwa kwenye mfuko, iko nyuma ya gari, risasi ziko kando, usiitoe mpaka ofisa aje. Ofisa anaitoa, anavuta bolti nyuma, anaangalia chemba kwa macho na kwa kidole. Lazima. Wapo watakaoleta bunduki ya marehemu babu ambayo hawajawahi kuifungua.

Ndani, meza tatu kwa mpangilio: utambulisho, ukaguzi, makubaliano. Mmiliki aione fomu na daraja lake kabla bunduki haijaguswa na mashine. Akikataa daraja, mkaguzi wa pili aitwe palepale; wakishindwana, bunduki iwekwe lebo na kuhifadhiwa hadi rufaa iamuliwe. Kosa kubwa kuliko yote ni kuponda kwanza na kubishana baadaye. Risiti iwe na namba ya bunduki, daraja, kiasi na tarehe ya malipo.

Pesa na majina

Tenga fungu kabla ya kutangaza. Australia ilipandisha tozo ya afya kutoka asilimia 1.5 hadi 1.7 ya mapato kwa mwaka mmoja, na kwa pesa hiyo bunduki zaidi ya 640,000 zilikusanywa. Kanada ilikwenda njia nyingine: mmiliki alitakiwa kujiandikisha, lakini fidia ikategemea nani katangulia na pesa iliyobaki. Huko ni kumwambia mtu mali yake ni haramu kwa vyovyote, malipo yake ni bahati. Usifanye hivyo. Na usisahau gharama za uendeshaji: New Zealand ilizikadiria kuwa dola milioni 18, na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali akaona zingeweza kufika 35.

Sajili ya waliojiandikisha ni ramani ya wezi. Desemba 2019, wiki tatu hivi kabla ya mpango kufungwa, mfanyabiashara mmoja wa bunduki New Zealand alifunguliwa kwa makosa taarifa za wamiliki wengine, na tovuti ya kujiandikishia ikazimwa. Dawa si ngumu: muuzaji aone tu rekodi aliyoifungua mwenyewe, anwani na akaunti ya benki vikae mahali tofauti, kila badiliko la programu lijaribiwe kwa taarifa za kubuni, na njia ya karatasi iwe tayari tangu siku ya kwanza.

Tarehe ya mwisho

Msamaha wa Kanada ulipangwa kuisha Aprili 2022, ukasogezwa hadi Oktoba 2023, kisha 2025, kisha 2026. Kila kusogezwa kuliwafundisha watu kungoja. Jaribio la ununuzi huo huko Cape Breton, Kanada, mwaka 2025 lililenga bunduki 200 na kupata 25, kutoka kwa watu 16. Weka tarehe moja unayoweza kuitimiza, hata kama iko mbali.

Tarehe ikipita, bado zitabaki zile zitakazookotwa darini na wajane na warithi. Hao wanahitaji njia yao: kituo cha polisi au duka lenye leseni, bila malipo, bila mashtaka, mwaka mzima. Australia imekuwa na msamaha wa kudumu wa aina hiyo tangu tarehe 1 Julai 2021.