Rada ya GHz 24 barabarani: namna ya kumwona mwenda kwa miguu pembeni ya basi

Rada ndogo ya GHz 24 ikifungwa kwenye nguzo kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, humwona mtu wa miguu kwa mita 20 na zaidi, usiku na mchana. Tabu huanza basi la mwendokasi linapoingia kituoni. Mwangwi wa basi ni mkubwa kuliko wa mtu mara kumi hata mara mia, na programu iliyotungwa kwa uwanja mtupu humpoteza mtu palepale anapohitajika kuonekana. Maelezo haya ni ya moduli ya FMCW (rada inayotuma wimbi bila kukatika huku ikipandisha masafa yake) yenye antena moja ya kupokea.

Kwanza makaratasi: kifaa chochote cha mawimbi kithibitishwe na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na nguzo ina mwenyewe. Barabara kuu ni za wakala wa barabara TANROADS, mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Funga moduli mita 3 hadi 4 kutoka chini, mshazari wa nyuzi 30 hadi 45 na barabara. Rada hupima kasi ya kusogea au kuondoka tu. Anayekatisha mbele yake kwa nyuzi 90 ni sawa na aliyesimama. Kwa nyuzi 45, anayevuka na anayefuata njia wote hubaki na asilimia 70 ya kasi yao. Kasha liwe la polikaboneti ya mm 3.7, yaani nusu ya urefu wa wimbi ndani ya plastiki hiyo, lisipakwe rangi yenye unga wa metali. Uso uinamishwe kidogo ili maji ya masika yatiririke. Utando wa maji juu ya kasha huharibu kazi kuliko mvua iliyo hewani.

Mipangilio: masafa ya wimbi yapande MHz 240 ndani ya mikrosekunde 128, kisha mikrosekunde 22 za kurudi chini. Chukua sampuli 128 kila mpando, na mipando 256 kwa fremu (picha) moja, fremu 20 kwa sekunde. Hapo unapata visanduku (vipande vya kipimo) 64 vya umbali, kila kimoja sm 62.5, hadi mita 40. Na visanduku vya kasi vya mita 0.16 kwa sekunde, hadi kilomita 74 kwa saa kila upande.

Kabla ya kuandika chochote kingine, hakiki umbali. Mwombe fundi bati akate pembetatu tatu zenye pembe mraba, mikono yake sm 7.8, aziunganishe zifanye kona kama ya chumba. Kona hiyo hurudisha mwangwi wa mita mraba 1, karibu sawa na mtu mzima. Iweke mita 10 mbele, mdomo wake ukitazama rada, uzime uchujaji wa vitu vilivyotulia. Kilele kitokee kisanduku cha 16. Kikitokea cha 15 au 17, mpando wako si wa MHz 240 kamili au hesabu yako inaanzia 1 badala ya 0.

Sasa uchakataji. Zidisha sampuli za kila mpando kwa dirisha la Hann (vizidisho vinavyofifisha ncha mbili za sampuli), piga FFT (hesabu inayotenganisha mawimbi kwa masafa yake) ya umbali. Kwa kila kisanduku cha umbali toa wastani wa mipando yote 256. Kuta, nguzo na magari yaliyoegeshwa huondoka nao. Zidisha tena kwa Hann, piga FFT ya pili, ya kasi, katika mipando yote, geuza kuwa nguvu, na futa visanduku vitatu vya katikati. Mtu anayekuja moja kwa moja kwa mita 1.4 kwa sekunde ataonekana kwenye kisanduku cha kasi cha 8 au 9.

Kizingiti, yaani kiwango ambacho mwangwi ukikivuka huhesabiwa kuwa kitu, ndicho huwaangusha wengi. Mazoea ni kupima CFAR (kizingiti kinachofuata nguvu ya visanduku jirani) ya wastani kwenye mhimili wa umbali. Basi lina urefu wa visanduku zaidi ya 20. Likifunga breki hupita kwenye kasi ya mtu, hujaza majirani wote, kizingiti hupanda na mtu hutoweka. Pima kwenye mhimili wa kasi. Huko basi ni chuma kimoja chenye kasi moja, visanduku vitatu au vinne tu. Acha majirani 4 wa karibu kila upande kwa sababu mikono na miguu hutawanya mwangwi, chukua 8 wanaofuata kila upande, wapange kwa ukubwa, shika wa 12 kutoka chini, uzidishe kwa 21. Makosa yatakuwa kama moja kila sekunde 3, kwa hiyo kubali kitu kilichoonekana fremu 3 kati ya 5. Mtu na basi wakiangukia kisanduku kilekile hakuna ujanja. Kichujio cha Kalman (hesabu inayokisia mahali pa kitu kutokana na mwendo wake wa nyuma) kimshikilie sekunde 1.

Ukiona mistari miwili kwenye kisanduku cha kasi cha +4 na cha −4 kwa pamoja, si mtu. Ni hezi 100 za umeme, kutoka adapta ya bei rahisi au taa ya tyubu ya dukani. Kitu halisi huwa upande mmoja. Feni nayo huchafua pande zote mbili, ila haihami umbali, na mwarobaini ukipepea ni vivyo hivyo. Tunza ramani ya nguvu ya wastani ya kila kisanduku kwa dakika 5, na udai desibeli 12 juu yake.

Ukuta wa vioo au ubavu wa basi huzaa mzuka: mtu wa pili anayetembea nyuma ya ukuta. Njia ya mzuka siku zote ni ndefu zaidi, basi watu wawili wakionekana kutembea sambamba, mtilie shaka aliye mbali; antena moja haijui upande, haiwezi kumweka kwenye ramani.

Kwenye msongamano wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, usiipeleke rada hii. Antena moja haitenganishi bega na bega.